Moyo Ukienda Mbio Kharumwa: Madai Manane na Majibu Yake

Kuna ugonjwa wa moyo ambao tiba yake inaweza kukamilika kabla karani wa mapokezi hajamaliza kuandika jina la mgonjwa. Moyo uliokuwa ukipiga mara 80 kwa dakika unaruka ghafla hadi 180 au 200. Mgonjwa anahema, kifua kinabana, macho yanaingia giza. Anawekewa kanula mkononi, dawa inasukumwa kwa kasi kwenye mshipa, na ndani ya dakika moja mapigo yamerudi mahali pake.

Pamoja na wepesi huo, mtu wa Kharumwa, wilayani Nyang'hwale mkoani Geita, anaweza kuishi na ugonjwa huu miaka mingi bila kuipata tiba hiyo. Umbali ni sababu mojawapo, lakini kuna nyingine ambayo barabara haiwezi kuitatua: maneno. Yapo ya vijiweni, ya kwenye maduara ya dhahabu, ya maduka ya dawa muhimu, na mengine husemwa na watu waliovaa makoti meupe. Haya hapa manane, kila moja na jibu lake. Hoja inayoyaunganisha majibu yote ni kwamba hatima ya ugonjwa huu huamuliwa pale mgonjwa anapofika kwanza, na karatasi ya ECG, kipimo kinachochora umeme wa moyo, inapaswa kutangulia sindano.

Dai la 1: "Moyo ukishtuka ghafla bila sababu, mtu ametupiwa kitu."

Anayesema hivi ameona jambo la kweli, kwa hiyo hafai kuchekwa. Homa huja kwa kunyemelea, na kikohozi vilevile. Ugonjwa huu huanza kati ya pigo moja na linalofuata, na huondoka hivyohivyo. Mgonjwa anaweza kukutajia hasa alipokuwa: nilikuwa nachota maji, nikainama, ukaanza. Kinachokuja na kwenda kwa namna hiyo ni rahisi kudhaniwa kuwa kimetumwa.

Mwilini kinachotokea ni hiki. Pigo la moyo huanzishwa na umeme mdogo unaotoka sehemu ya juu ya moyo, ukapita kwenye kituo kimoja cha katikati, ndipo ukashuka kwenye vyumba vikubwa vya chini vinavyosukuma damu. Baadhi ya watu wana njia mbili ndani ya kituo hicho, au njia ya ziada kando yake. Siku moja pigo lisilo la wakati wake hushuka kwa njia hii, likapanda kwa ile, likashuka tena. Umeme unabaki ukizunguka kama bodaboda iliyoingia kipilefti ikakosa pa kutokea, na kila mzunguko ni pigo. Mzunguko ukikatika mahali popote, mbio zinakoma papo hapo. Ule ughafla unaotisha ndio alama ya ugonjwa wenyewe.

Je, mganga wa kienyeji anayesifiwa kuwa ameuponya? Huenda kweli uliishia mikononi mwake. Dawa ya kutapisha, au maji ya baridi ya kumwagiwa usoni, huweza kuuamsha mshipa wa fahamu uitwao vagasi, ambao hupunguza kasi ya kile kituo cha katikati. Mara nyingine mbio huisha zenyewe tu. Shida ni kwamba akiondoka kwa mganga, mgonjwa huondoka na jina la adui wake, jirani au mke mwenza, huku ile njia ya ziada ikiwa bado iko kifuani ikingoja siku nyingine.

Dai la 2: "Hiyo ni malaria, atundikiwe dripu."

Geita ni ukanda wa malaria, na ni kweli kwamba homa kali, upungufu wa damu na upungufu wa maji hupandisha mapigo. Lakini hapo moyo hauna kosa. Unafanya kazi ya ziada kwa sababu mwili umeuomba. Mapigo ya aina hiyo hupanda taratibu, mtu mzima aliyelala ni nadra yapite 150, na hushuka sababu ikitibiwa. Mgonjwa kama huyo asichomwe dawa ya kushusha mapigo, kwa kuwa mbio hizo ndizo zinazombeba.

Mwenye hitilafu ya umeme ni mtu mwingine kabisa. Mapigo yake huganda kwenye namba ileile, tuseme 190, awe amelala, amekaa au anaongea. Chupa ya maji ya chumvi haiwezi kuukata mzunguko wake, na kama moyo umeanza kuchoka, maji mengi huweza kuishia mapafuni. Kwinini, iliyokuwa tegemeo la malaria kali kabla ya sindano ya artesunate kuchukua nafasi yake, nayo huingilia umeme wa moyo. Kumpa mtu wa namna hii kwa kubahatisha ni kuongeza hatari juu ya hatari. Kipimo cha haraka cha malaria na cha wingi wa damu ni vya dakika chache. Vifanyike, kisha majibu yaheshimiwe.

Dai la 3: "Kijana wa machimboni hana ugonjwa wa moyo. Ni zebaki na vinywaji vya kuongeza nguvu."

Nusu ya dai hili ni onyo jema. Moshi wa zebaki unaotoka dhahabu inapochomwa ni sumu, na kati ya madhara yake ni kutetemeka, kuharibu figo na kuvuruga akili. Vinywaji vya kuongeza nguvu, mirungi na gongo, juu ya usiku usio na usingizi kwenye karasha, huweza kuwa kichocheo cha shambulio kwa mtu ambaye tayari ana njia ya ziada.

Nusu ya pili ni kosa. Mbio za moyo za aina hii hazingoji uzee. Nyingi hujitokeza ujanani au katikati ya umri, kwenye moyo ambao kwa umbo ni mzima kabisa. Utafiti wa wakazi wa eneo la Marshfield huko Wisconsin, Marekani, uliochapishwa mwaka 1998, ulikadiria watu wawili na zaidi kidogo katika kila 1,000, na wanawake wakiathirika mara mbili ya wanaume. Hata watoto wachanga huupata, na kwao mapigo huweza kuvuka 220. Kwa hiyo kijana wa duara la Nyijundu, au mama anayeuza chakula kando ya mialo, akisema moyo umeruka ghafla, umri wake usitumike kumrudisha nyumbani.

Dai la 4: "Sindano ile inausimamisha moyo. Nani akubali?"

Hapa msemaji ameishika kweli kwa mkia. Dawa inayozungumzwa ni adenosini, na ni kweli kwamba kwa sekunde chache mstari wa ECG hunyooka. Lakini inachozuia ni kile kituo cha katikati, kwa muda mfupi unaotosha kuukata mzunguko. Nusu ya dawa huwa imeshatoweka kwenye damu kabla sekunde 10 hazijapita. Kituo cha juu hushika tena usukani, na safari hii kwa mwendo wake wa kawaida.

Si kemikali ngeni mwilini. Kila chembe hai ya mwili wako inatengeneza adenosini. Mwaka 1929, Alan Drury na Albert Szent-Györgyi, wakiwa Cambridge, Uingereza, walieleza jinsi inavyopunguza mapigo ya moyo. Marekani iliidhinisha matumizi yake kwa mbio za ghafla mwaka 1989, na tangu hapo imebaki dawa ya kwanza ya mshipa kwa ugonjwa huu katika miongozo mingi. Hata mjamzito hupewa, kwa sababu dawa haikai kwenye damu muda wa kutosha kumfikia mtoto kwa kiasi cha kumdhuru.

Umri huo mfupi wa dawa ndio unaoamua namna ya kuichoma. Kanula iwe kubwa, iwekwe kwenye mshipa wa kunjo la kiwiko, si mgongoni mwa kiganja. Mtu mzima huanza na miligramu 6, zinazosukumwa kwa sekunde moja au mbili, na papo hapo zifuatwe na mililita 20 za maji ya chumvi kwa msukumo uleule, mkono ukiinuliwa. Mbio zisipokoma, hufuata miligramu 12. Dawa ikisukumwa polepole kama kloksasilini itafia njiani, kisha watu waseme haifanyi kazi. Ikitolewa vizuri, inawatoa kwenye mbio wagonjwa takribani 9 kati ya 10 wenye mzunguko unaopita kwenye kituo cha katikati.

Wanaoogopa wana haki ya kuambiwa ukweli mapema. Uso utawaka joto, kifua kitabana, pumzi itakatika, na kwa nusu dakika hivi mgonjwa anaweza kuhisi kwamba anakufa. Muuguzi akimwambia kabla, "utajisikia vibaya sana kisha itaisha", hofu inapungua nusu. Asiyeambiwa ndiye anayekwenda kutangaza kijiweni kwamba alitaka kuuawa. Yapo pia masharti: mwenye pumu inayombana wakati huo asipewe, na aliyetoka kuchomwa aminofilini huenda isimfanyie kazi, maana dawa hizo mbili zinapingana.

Dai la 5: "Kushusha mapigo ni kushusha mapigo. Sindano yoyote ya moyo inafaa."

Kati ya madai yote manane, hili ndilo linaloua, na mara nyingi husemwa na mtu mwenye bomba la sindano mkononi.

Mapigo 180 yanaweza kutoka kwenye mzunguko wa kituo cha katikati, na huo kwa kawaida hauui. Yanaweza pia kutoka vyumba vya chini vya moyo, vyenye makovu au vilivyotanuka, na hayo huweza kumuua mtu baada ya dakika chache. Kwa kidole kilichoshika kifundo cha mkono huwezi kuyatofautisha. Mgonjwa anayeongea na kuketi si uthibitisho wa usalama, kwani wapo wanaoongea wakiwa na mbio za vyumba vya chini.

Karatasi ya ECG huyatofautisha kwa jicho. Kwa mwendo wa kawaida wa karatasi, kisanduku kidogo ni sekunde 0.04. Kama kila pigo limechora mchoro mwembamba, usiozidi visanduku 3, na umbali kati ya mapigo ni uleule, huo kwa kawaida ni mzunguko wa juu, na adenosini, au dawa nyingine iitwayo verapamili, zina nafasi. Mchoro ukiwa mpana kuliko hapo, kanuni ya dharura ni kuuhesabu kuwa wa vyumba vya chini hadi ithibitike vinginevyo. Hapo dawa ni nyingine. Amiodaroni, kwa mfano, hutolewa miligramu 150 kwa muda wa dakika 10, kisha dripu ya kuendeleza. Mtu huyo akichomwa verapamili, shinikizo la damu linaweza kuporomoka na moyo ukasimama moja kwa moja.

Kuna aina ya tatu, ambayo umbali kati ya mapigo haufanani. Mara nyingi hapo vyumba vya juu vinatetemeka ovyo, jambo linalowapata wengi wenye vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, wenye shinikizo la damu la muda mrefu au wenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Adenosini haiwaponyi, na wanahitaji pia kulindwa dhidi ya damu kuganda na kusababisha kiharusi. Na mwenye ile njia ya ziada ya ugonjwa ulioelezwa na madaktari Wolff, Parkinson na White mwaka 1930, mapigo yake yakiwa yamevurugika na mapana, verapamili au digoksini huweza kuufungulia umeme njia ya hatari. Kwa hiyo sindano inayomwokoa mgonjwa wa kitanda cha kwanza inaweza kumwua wa kitanda cha pili, wakati namba kwenye kipimo cha kidoleni ni ileile.

Dai la 6: "Hapa hatuna adenosini, hatuwezi kufanya lolote. Apelekwe Bugando."

Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyosimama juu ya kilima jijini Mwanza tangu mwaka 1971, ina wataalamu wa moyo, na rufaa ina siku yake. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa kero ya kungoja kivuko. Hata hivyo, kutoka Kharumwa bado ni safari ndefu, na moyo unaopiga mara 200 unachoka njiani. Kabla ya kuita gari kuna mambo manne ya kufanya.

La kwanza halihitaji dawa. Mgonjwa akiwa ameegemea kitandani, apulize kwa nguvu kwenye bomba la sindano la mililita 10 kana kwamba anataka kuisukuma pistoni yake, kwa sekunde 15. Mara tu anapomaliza, alazwe chali na miguu iinuliwe nyuzi 45 kwa sekunde nyingine 15. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza uliohusisha wagonjwa 433. Kwa njia hii ya kuinua miguu, asilimia 43 walirudi kwenye mapigo ya kawaida, wakati waliopuliza tu na kubaki wameegemea walikuwa asilimia 17. Bomba tupu na kitanda vinapatikana hata kwenye zahanati. Ila kukanda shingo, mbinu nyingine ya kuuamsha vagasi, aachiwe daktari, hasa kwa wazee, maana mshipa wa hapo unaweza kupeleka bonge la damu kwenye ubongo.

La pili ni verapamili. Kichupa chake cha sindano kimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwenye mchoro mwembamba, sawia, na shinikizo la damu zuri, hupewa miligramu 5 kwa kusukumwa polepole, dakika 2 au zaidi. Singapore walilinganisha dawa za kundi hili, zikitolewa taratibu, na adenosini. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalikuwa asilimia 98 kwa asilimia 86.5, na adenosini ndiyo iliyobaki nyuma. Anayekosa adenosini hajakosa tiba. Masharti ni kwamba asiwe mtoto mchanga, asiwe na moyo ulioshindwa kazi, na asiwe ametoka kupewa dawa za aina ya propranololi.

La tatu ni umeme. Mgonjwa aliyepoteza fahamu, ambaye shinikizo lake la juu limeshuka chini ya 90, anayeumwa kifua kikali au aliyejaa maji mapafuni kwa sababu ya mbio hizo, hangoji dawa. Mashine ya kushtua moyo, ikiwekwa kwenye hali ya kuoanisha na mapigo, humaliza kazi kwa mshtuko mmoja au miwili, mgonjwa akiwa amepewa dawa ya usingizi kidogo. Ndugu wanaolia kwamba "wanampiga shoti" waelezwe kwamba hapo kuchelewa ndiko kunakoua.

La nne ni lile la awali: ECG ichapwe kabla, wakati na baada. Ile karatasi ya sekunde ambazo mapigo yalisimama kidogo baada ya adenosini humwonyesha bingwa wa Mwanza jambo ambalo yeye mwenyewe hatapata nafasi ya kuliona.

Dai la 7: "Mwanza walimpima, moyo mzima. Anajidekeza."

Hapa watu wengi, na hasa wanawake, wameumizwa. Shambulio linaanza jioni, linaisha usiku, nauli inatafutwa wiki mbili, kisha ECG inachukuliwa mgonjwa akiwa ametulia. Mara nyingi hutoka safi. Anaandikiwa dawa ya wasiwasi, na mume anaambiwa mkewe ana mawazo.

ECG ya wakati wa utulivu inasema moyo ulikuwaje wakati huo tu. Kwa baadhi itaonyesha njia ya ziada, kwa wengi haitaonyesha chochote. Kipimo cha picha ya moyo nacho huangalia misuli na vali, wala hakioni mzunguko wa umeme. Kwa hiyo ECG ya shambulio lenyewe, iliyochukuliwa Kharumwa usiku ule na tabibu aliyekuwa zamu, ina thamani kuliko vipimo vya gharama vya wiki mbili baadaye. Mgonjwa apewe nakala, aitunze pamoja na kadi yake ya kliniki, na apige picha kwa simu kwa sababu mchoro wa karatasi hiyo hufifia.

Nyumbani pia kuna kazi. Shambulio likianza, mtu wako ahesabu mapigo shingoni kwa sekunde 30 na kuzidisha mara mbili, aandike saa lilipoanza na saa lilipoisha, na kama liliisha ghafla au taratibu. Daktari makini atapata nusu ya jibu kwenye mistari hiyo.

Dai la 8: "Alichomwa, akapona. Yameisha."

Sindano imekata mzunguko, njia ya ziada bado ipo. Wengine hawapatwi tena kwa miaka, wengine hurudi wodini mwezi uleule. Asiyepatwa mara kwa mara anaweza kutosheka na mbinu ya kupuliza. Anayesumbuliwa anaweza kupewa vidonge vya kila siku. Tiba ya kumaliza kabisa ni kupitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi ndani ya moyo na kuichoma ile njia, bila kupasua kifua. Nchini, huduma hiyo hutolewa na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Anayestahili kufika huko ni yule mwenye karatasi inayoonyesha ugonjwa wake, na karatasi hiyo inatoka hospitali ya kwanza.

Hapo ndipo wananchi na madiwani wa Nyang'hwale wana swali la kuuliza bajeti inapojadiliwa. Je, chumba cha dharura cha hospitali yao kina mashine ya ECG yenye karatasi, na inatumika usiku? Verapamili, amiodaroni na, ikiwezekana, adenosini zimo kwenye maombi ya dawa? Mashine ya kushtua moyo imechajiwa, na aliye zamu anaijua? Ukubwa wa jengo hauongezi chochote kwenye majibu ya maswali hayo. Na anayefika akisema moyo umeruka ghafla, asiulizwe kwanza amegombana na nani. Alazwe, awekewe waya za ECG, ndipo maswali yafuate.